Land Rover 109 iliyotoka jeshini: tunaifufua kwa ajili ya wazee wa Vita vya Kagera, tuanzie wapi?

Kijana_wa_Muleba

Habari za kazi wakuu. Kamati ya watoto na wajukuu wa askari waliopigana Vita vya Kagera, huku Muleba, imekabidhiwa Land Rover 109 iliyokuwa ya jeshi. Iliuzwa kwa mnada zamani, ikabeba ndizi na mbao, mwisho ikaegeshwa. Karatasi za umiliki ziko sawa. Lengo ni itembee yenyewe tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ikiwa na wazee wanne nyuma, mwendo wa gwaride, umbali wa kama kilomita moja na nusu. Baada ya hapo itunzwe kwa shughuli za aina hiyo, ikiwemo safari za makaburi ya mashujaa Kaboya.

Hali yake ni hii. Ni Series III, injini ya petroli 2.25, usukani kulia. Namba ya chesesi ni tarakimu tupu, mwishoni kuna herufi moja. Injini haizunguki hata kwa hendeli. Krosimemba (boriti ya kukingama ya chesesi) ya nyuma imeoza kiasi cha kuingiza bisibisi, na mikono ya pembeni inayoshika bodi na matanki imetoboka. Pedali ya breki inazama hadi chini. Umeme ni wa volti 24, altaneta ile kubwa ipo, lakini waya nyingi zimekatwa. Rangi ya juu nyeupe, chini yake bluu, chini zaidi naona kijani.

Maswali: tuanze na kipi? Tubaki na volti 24 au tuhamie 12? Rangi sahihi ni ipi, na alama za jeshi tunaruhusiwa kuziweka? Pesa ni za michango, kwa hiyo kuagiza kila kitu Uingereza haiwezekani.

---

Spana_Nusu

Sababu mnayo, nia mnayo. Uwezo ndio tuuhesabu.

Msianze na injini. Kila kamati hukimbilia injini kwa sababu mlio unafurahisha watu na michango inaongezeka, kisha pesa inaisha chesesi ikiwa bado imeoza. Gari litakalobeba wazee linaanza na chesesi, linafuata breki na usukani, halafu mengine.

Siku ya kwanza msifungue kitu. Pigeni picha kila pembe, hasa mabano, matundu ya ribiti, vibao vya bati vyenye maandishi, na njia waya zinamopita. Tundu la ribiti lisilo na kazi leo ndilo litakalowaonyesha koleo na sururu vilifungwa wapi. Kila bolti inayotoka iende kwenye mfuko wake na iandikwe.

Chesesi. Chukueni nyundo ndogo mgonge kila inchi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi. Boksi la chesesi ya Series ni bati la takriban mm 2, na linaozea ndani kwenda nje, kwa sababu tope huingia kupitia matundu na kukaa kwenye maungio: krosimemba ya nyuma, mikono ya pembeni, na pale nyuma ya springi za mbele. Ukiona doa dogo nje, ndani kumeliwa mara tatu yake. Kata mpaka ufike chuma kinachong'aa. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuficha ugonjwa, na kiraka kitang'oka na welding yake.

Utaratibu:

1. Gari likae juu ya stendi nne, sakafu iliyo sawa, lipimwe kwa pima maji. Likining'inia kwa jeki huku mnachomelea, litaganda limepinda.
2. Toeni matanki yote mawili ya petroli, yale ya chini ya viti, myapeleke mbali na gereji. Tanki tupu lina hatari kuliko lililojaa, maana lina mvuke.
3. Toeni betri, chomoeni altaneta.
4. Badilisheni mkono mmoja mmoja, bodi ikiwa bado imefungwa. Mkikata mikono yote kwa pamoja, milango haitafunga tena na hamtajua kosa liko upande gani.
5. Bati la kuunga liwe mm 2 hadi 3. Kwa mashine ya fimbo tumieni elektrodi ya mm 2.5, ampia 70 hadi 80. Shikizeni kwa nukta kwanza, pimeni mishazari ya chesesi kona kwa kona, ndipo mchomelee vipande vya sentimita 3, mkihama upande mmoja kwenda wa pili ili joto lisivute.
6. Mkimaliza, pulizieni nta au oili nzito ndani ya boksi kupitia matundu yaliyopo. Matundu ya chini ya kutolea maji msiyazibe hata siku moja.

Ukuta wa chuma kati ya injini na dereva nao ni chuma, si aluminiamu. Sehemu za kukanyagia na miguu ya nguzo za milango ndizo huoza. Hapo bati la mm 1.2 linatosha.

Onyo moja la usukani. Katikati ya krosimemba ya mbele kuna rilei ya usukani, mtungi ulio wima. Ndani yake mna springi kali iliyobanwa. Ikiwa imeganda, itoeni nzima na kuijaza oili ya EP90. Msiifungue kwa kuivuta tu mkiwa mmeiinamia: springi ile ikiruka inavunja taya. Kama lazima ifunguliwe, ifungwe kitambaa kizito na kamba, na uso uwe pembeni.

Na spana: nati nyingi za gari hilo ni za inchi. Nati ya 7/16 ina mm 11.1, kwa hiyo spana ya 11 haiingii na ya 12 inachezacheza mpaka inakula kona. Tafuteni seti ya inchi kabla ya jambo lolote. 7/16, 1/2 na 9/16 zitafanya sehemu kubwa ya kazi.

---

Mekanika_Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Spana_Nusu amesema ukweli kuhusu kuanza na chesesi, lakini injini iliyoganda inaweza kulowekwa huku welding ikiendelea, haihitaji mtu wa kuisimamia.

Toeni plagi zote nne. Mimina mchanganyiko wa diseli na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, mililita 50 hivi kila silinda. Toeni na kava ya juu ya valvu, kwa sababu mara nyingi kilichoganda si pistoni bali valvu kwenye gaidi yake. Legezeni skrubu zote za tapeti, mgonge kila valvu kwa upande wa mpini wa mbao wa nyundo. Isiporudi juu yenyewe, hiyo imekwama. Mkizungusha injini hivyo hivyo, fimbo ya tapeti itapinda.

Baada ya siku nne au tano jaribuni hendeli, mbele na nyuma kidogo kidogo. Msiifunge kamba mkaivuta kwa lori. Ringi iliyoganda kwenye silinda huvunjika, na kipande chake kinachora ukuta wote.

Ikishazunguka, mwageni oili ya zamani, ondoeni sampu (bakuli la oili) mwoshe. Oili mpya ni takriban lita 7 pamoja na filta, 20W-50 ya kawaida. Zungusheni kwa stata plagi zikiwa nje mpaka geji ya oili ipande, ndipo mfikirie moto. Injini ikiwa na joto na iko kazini, presha iwe kati ya 35 na 65 kwa kipimo cha pauni. Chini ya hapo, shusheni injini mtazame beringi.

Vipimo vya kuanzia:

- Tapeti: inchi 0.010, yaani mm 0.25, za kuingiza na za kutoa zote sawa. Hesabu ya tisa inarahisisha: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3, daima jumla iwe 9.
- Pointi: mm 0.35 hadi 0.40. Plagi: mm 0.75 hadi 0.80.
- Mpangilio wa moto: 1-3-4-2, na rota inazunguka kinyume cha saa. Watu wengi huweka waya kwa mkondo wa saa kisha wanalaumu kabureta.
- Bolti kubwa za silinda hedi: Nm 88, kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Gasketi mpya ikishapata moto, rudieni tapeti.

Kabureta ikiwa ni Zenith 36 IV, ina ugonjwa unaojulikana: kifuniko chake cha juu hupinda. Dalili ni moshi mweusi, sailensa inanuka petroli, na injini ikiwa moto haitaki kuwaka. Wekeni msasa namba 400 juu ya kioo, mkisugue kifuniko mpaka alama za msasa zienee kote. Badilisheni na ringi ndogo ya mpira iliyo ndani. Kukaza skrubu zaidi kunakipinda zaidi.

Petroli ya risasi iliondoka katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006, na injini hii ilibuniwa enzi za risasi. Kwa kilomita chache za gwaride msihangaike. Ila kila mara pimeni tapeti za valvu za kutoa: nafasi ikiwa inapungua yenyewe, kiti cha valvu kinaliwa, na siku hedi itakapotoka ndio wakati wa kuweka viti vigumu.

Klachi nayo itakuwa imegandana na flaiwili. Msiigonge. Injini ikishawaka na kupata joto, zimeni, fungeni pedali ikiwa chini kwa kipande cha mbao usiku kucha. Mara nyingi asubuhi inaachia.

Kuhusu stima, ushauri wangu ni mhamie 12. Altaneta ya Toyota, koili ya dukani, stata ya 12 ya Land Rover inapatikana. Maisha rahisi.

---

Fyuzi_Imeungua

Kaka wa Nakuru, kwa injini nakuvulia kofia. Kwa umeme tunapishana.

Volti 24 si mzigo huku kwetu. Kila lori barabarani ni volti 24. Balbu, honi, flasha, rilei, taa za nyuma, hata altaneta ya Fuso, vyote viko kwenye duka lolote la spea za malori kuanzia Bukoba hadi Mwanza. Kigumu kupata ni stata na koili tu. Kwa hiyo uamuzi uko kwenye stata: ifungueni, msafishe, muijaribu mezani kwa betri mbili. Ikizunguka kwa nguvu, bakini na 24. Ikiwa imeungua na hakuna fundi wa kuisuka upya, hapo fuateni ushauri wa Nakuru.

Na si urahisi tu. Hizo zenye volti 24 ziliwekewa umeme huo kwa sababu zilitengwa kubeba redio za mawasiliano. Mkiutoa, mmeondoa kile kilichoitofautisha na Land Rover ya misheni.

Altaneta kubwa ya jeshi ina boksi lake la kudhibiti chaji. Kama waya kati yake na boksi zimekatwa, msizikisie. Ifungeni mahali pake kwa sura, pembeni yake wekeni ya lori ya ampia 40 hadi 60 yenye rigyuleta ya ndani. Chaji isome kati ya volti 27.5 na 28.5 kwenye betri, taa zikiwa zimewaka. Ikizidi hapo betri zitachemka.

Mambo yanayoharibu gari la volti 24:

Kuchomoa volti 12 katikati ya betri mbili ili kupiga spika. Mafundi wa malori wanafanya kila siku. Betri ya chini inatumika, ya juu inabaki imejaa, altaneta inaona jumla tu, basi moja inapungua na nyingine inachemshwa. Baada ya miezi zote mbili ni za kutupa. Siku ya sherehe mtataka kipaza sauti, kwa hiyo nunueni kigeuzi cha 24 kwenda 12 cha ampia 15, kichukue umeme wake kwenye betri zote mbili.

Kufunga koili ya 12 bila rezista. Injini itawaka vizuri dakika kumi, koili inapata moto, pointi zinaungua, inaanza kukosakosa. Mtadhani ni petroli.

Kuchanganya betri mpya na kuukuu. Zinunuliwe mbili kwa pamoja, aina moja, ukubwa mmoja.

Plagi zenu zikiwa zimefunikwa chuma na waya zake zina koti la chuma, hizo ni za kuzuia kelele zisiingie kwenye redio. Zikiwa zimekufa, distribyuta ya kawaida na plagi za kawaida za Series III zinaingia. Hifadhini za zamani kwenye boksi na kuliandika.

Nyaya: waya mkuu wa betri wa milimita mraba 35, na swichi kubwa ya kukata umeme wote karibu na kiti cha dereva. Gari la sherehe linakaa muda mrefu bila kutumika, na panya wa stoo hawaheshimu Siku ya Mashujaa.

---

Mekanika_Nakuru

Hoja ya stata nimeikubali. Ila waipa ya volti 24 mtaipata wapi?

---

Fyuzi_Imeungua

Ya 12, kupitia kigeuzi hicho hicho. Inakula ampia chache.

---

Kijana_wa_Muleba

Asanteni sana. Tumejaribu nyundo kwenye chesesi, mkono mmoja wa tanki umedondoka wenyewe. Swali la breki: tulifunga masta silinda mpya, tumetoa upepo mara nyingi, pedali bado inazama mara ya kwanza, ukipampu mara mbili inasimama. Masta ni mbovu?

---

Spana_Nusu

La. Pedali inayosimama baada ya kupampu maana yake shuu ziko mbali na drami. Pedali inayobonyea kama sponji ndiyo yenye upepo. Ni magonjwa mawili tofauti, na kwenye 109 huja pamoja.

109 ina drami za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili zilizounganishwa kwa bomba fupi. Upepo hukaa kwenye silinda ya juu na lile bomba. Dawa: kabla ya kutoa upepo, kazeni marekebisho ya shuu magurudumu yote mpaka drami zikwame kabisa. Pistoni zinarudi ndani, nafasi ya upepo inapungua. Ndipo mtoe upepo, nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Pedali ibonyezwe taratibu, si kwa pupa, maana pupa inatengeneza povu. Mkimaliza, legezeni marekebisho ya shuu ya kila gurudumu mpaka lizunguke huru, likigusa kidogo tu.

Kabla ya hayo yote, hakikisheni silinda za magurudumu zimebadilishwa, zote sita. Gari lililokaa hivyo lina kutu ndani ya silinda, na sili mpya juu ya kutu haimalizi mwezi. Mabomba ya chuma yabadilishwe yote kwa ya shaba na nikeli. Angalieni nati za mabomba: za Land Rover ni za inchi, hasa 3/8. Ya Toyota ya M10 inaanza kuingia, fundi anaikaza kwa nguvu, inaonekana imeshika, kumbe imekula nyuzi. Siku ya kukanyaga breki kwa nguvu inachomoka.

Sili zipakwe mafuta ya breki yenyewe au grisi nyekundu ya mpira. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira na breki zinabana zenyewe. Vumbi la shuu za zamani lina asbesto: lilowesheni maji, lifuteni kwa kitambaa cha kutupa, kompresa isiguse.

Sasa breki ya mkono, kwa sababu wengi hawaijui. Haishiki magurudumu. Inashika propela, kwenye drami iliyo nyuma ya giaboksi ndogo. Sili ya hapo ikivuja, oili inalowesha shuu na breki haishiki kabisa. Pia ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia na gari linaweza kuondoka hata breki ya mkono ikiwa juu. Gogo nyuma ya tairi kila mara. Na isivutwe gari likiwa linatembea, inaweza kuvunja hafu shafti.

Oili za gia, zote EP90: giaboksi lita 1.5, giaboksi ndogo 2.5, difu ya mbele 1.75, ya nyuma ile kubwa 2.5, na nusu lita kila boli la kona mbele, lile linalogeuzia gurudumu. Nunueni lita 10.

---

Bi_Rangi

Kijana, mmeshaanza kupiga msasa? Kama bado, simameni.

Rangi ya kweli ya gari lenu haiko kwenye kitabu, iko chini ya ile nyeupe. Waingereza waliyapaka ya kwao kijani kizito, namba 224 katika orodha yao ya BS 381C, au rangi ya mchanga namba 361 kwa nchi za joto. Lakini gari likishafika jeshi jingine linapakwa wanavyotaka wenyewe, kwa hiyo msichukue namba ya mtandaoni mkaiita ya kwenu.

Tafuteni mahali ambapo jua na mkono wa mpakaji hawakufika: nyuma ya dashibodi, chini ya kibao chenye namba, ndani ya boksi la viti, nyuma ya taa. Chukueni msasa wa maji namba 600, lowesheni, sugueni kiduara cha sentimita 5, mkizidi kwenda chini katikati. Rangi zitajitokeza kama pete, moja ndani ya nyingine: nyeupe, bluu, kijani, labda na nyingine, mwisho praima na aluminiamu. Ile inayokaa moja kwa moja juu ya praima ni ya kiwandani. Inayofuata huenda ndiyo ya kazi. Ilowesheni, mpige picha kwenye kivuli cha mchana, kisha mpeleke kipande hicho, mathalani mfuniko wa boksi la viti, dukani wakaisome kwa mashine. Msisugue kavu, rangi za zamani zina risasi.

Bodi ni aluminiamu yenye magnesiamu. Inapogongwa inakuwa ngumu, na ukiendelea kuinyoosha inapasuka. Ilainisheni kwanza: paka sabuni ya mche mahali palipobonyea, pitisha moto wa gesi kwa mbali mpaka sabuni igeuke kahawia nzito, acheni ipoe yenyewe. Hapo itanyooshwa kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Moto ukizidi hapo kipande kinayeyuka bila kukuonya, kwa sababu aluminiamu haiwi nyekundu.

Ubonyeaji mdogo uacheni. Gari la jeshi lililonyooka kama la harusi linatia shaka.

Aluminiamu inahitaji praima yake ya asidi, mkono mmoja mwembamba, kisha praima ya epoksi kabla ya siku kupita. Puti haipandi juu ya praima ya asidi, itabanduka. Puti inapanda juu ya epoksi. Ile praima nyekundu ya risasi ya mageti msiiguse bodi nayo, inaila aluminiamu. Kwenye chuma wekeni ya zinki fosfeti.

Pale chuma kinapokutana na aluminiamu, yaani kingo za bodi ya nyuma na mabano, ndipo unga mweupe unapotokea. Wekeni mpira mwembamba au mastiki katikati, ribiti ziwe za aluminiamu za mm 4.8, na bolti ziwe zilizopakwa zinki, zenye washa ya plastiki.

Kama rangi ni isiyong'aa, changanyeni yote kwa mkupuo mmoja: takriban lita 5 za nje na 2 za ndani. Dawa ya kuondoa mng'ao ikipimwa mara mbili tofauti, mlango mmoja utang'aa kuliko mwenzake. Na rangi hiyo haipigwi polishi. Ukisugua doa, doa ndilo litakalong'aa.

---

Mtunza_Kumbukumbu

Naongezea la alama, maana hapo ndipo kamati hupata matatizo.

Alama, namba na nembo za JWTZ msiziweke bila ruhusa ya maandishi. Gari ni la kiraia sasa. Anzeni kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, barua iambatanishwe picha ya gari lilivyo na mchoro wa mnavyotaka liwe. Madoadoa ya kombati yaacheni kabisa. Namba za usajili za kiraia zibaki mbele na nyuma, zionekane. Rangi ikibadilika, kadi ya gari irekebishwe TRA.

Halafu ukweli wa gari lenyewe. Vita vilianza Oktoba 1978 na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwishoni mwa 1979 Land Rover zilianza kupewa namba za chesesi zinazoanza na herufi. Ya kwenu ni tarakimu tupu na herufi ya mwisho, kwa hiyo imetengenezwa kabla ya hapo, na inawezekana ilikuwepo. Inawezekana tu. Hakikini namba iliyogongwa kwenye chesesi yenyewe, kwenye bano la springi ya mbele kulia, ilingane na kibao. Chesesi hubadilishwa, vibao huhama.

Bila karatasi inayotaja namba hiyo na kikosi, msiandike ubavuni kwamba lilivuka daraja la Kyaka au lilifika Kampala. Kibao kisomeke "Land Rover ya aina iliyotumiwa na jeshi miaka ya 1970". Mzee aliyekuwa kwenye mapigano ya Lukaya, Uganda, atakuja, ataliangalia, na atauliza maswali. Jina la askari liandikwe kama familia inavyoliandika, wasome wenyewe kabla ya brashi kugusa bati, na walio hai watenganishwe na waliofariki.

---

Kijana_wa_Muleba

Nimeelewa, barua tunaiandika wiki hii. La mwisho: siku yenyewe liendeshwe gia gani? Tunaogopa kuchemsha.

---

Spana_Nusu

Gia ya kwanza ya kawaida, injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, na tairi za 7.50-16, inatoa kama kilomita 6 kwa saa. Gia nzito (ile ya giaboksi ndogo) ya pili inatoa kama 5, inalingana vizuri na hatua za watu, lakini ukiingiza gia nzito, magurudumu ya mbele nayo yanashika. Kwenye lami, ukikata kona kali, gia zinajifunga na usukani unakuwa mzito. Njia yenu ikiwa ya vumbi, tumieni nzito ya pili. Ikiwa ya lami yenye kona, ya kwanza ya kawaida. Fimbo ya kirungu chekundu, ile inayoingiza gia nzito, ibadilishwe gari likiwa limesimama.

Kuchemsha: rejeta itolewe ipigwe maji kinyume, feni iwe na mkanda wake, na themostati isiondolewe. Ukiiondoa injini inachelewa kufikia joto lake la kazi. Jaribuni dakika 40 za mwendo huo huo wiki mbili kabla, saa sita mchana, mkiwa na mifuko minne ya saruji nyuma mahali pa wazee. Matairi angalieni tarehe ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka. Zaidi ya miaka 10 msiyatumie hata kama yana meno. Upepo pauni 25 mbele na 36 nyuma.

Wazee wa vita ile wengi wamepita miaka 65. Bodi ya nyuma iko juu ya magoti yao. Tengenezeni ngazi ya hatua mbili inayoning'inia kwenye krosimemba mpya, kila hatua sentimita 20 hadi 25, na bomba la kushikia pande zote. Mabenchi ya pembeni yawe na mkanda wa kiunoni uliofungwa kwa bolti kwenye chuma, chini ya sakafu pawe na bati la kugawa nguvu; bolti ikishika aluminiamu peke yake inang'oka nayo. Mlango wa nyuma ufungwe kwa pini, mnyororo peke yake hautoshi. Na mtu mmoja atembee kwa miguu nyuma ya gari akiwa na gogo mkononi.